Usiipige Window Mpya Bado

"NTLDR is missing." Maneno matatu meupe kwenye kioo cheusi, na chini yake agizo la kubonyeza Ctrl, Alt na Del. Mwenye kompyuta ameshika kiuno. Fundi anachomoa flashi mfukoni na kutoa hukumu inayotolewa kila siku kuanzia Kariakoo mpaka Luthuli Avenue: hii ni ya kupigwa window mpya.

Fundi, subiri. Hukumu hiyo ni nyepesi mno kwa mtu mwenye akili kama yako.

Kompyuta ambayo mpaka leo inatumia Windows XP haikubaki hivyo kwa sababu mwenye nayo hajasikia kwamba kuna mifumo mipya. Imebaki kwa sababu ina kazi ambayo mifumo mipya haiwezi au haitaki. Inaendesha kipimo cha maabara ambacho watengenezaji wake waliacha zamani kukiandikia draiva. Ina programu ya hesabu ambayo namba yake ya usajili ilikuwa kwenye karatasi, na karatasi ililiwa na mchwa. Inazungumza na mashine ya kuchonga chuma kupitia tundu la printa la zamani ambalo laptopu yako haina. Ukiiformati utakuwa umefuta riziki ya mtu, na hutaweza kuirudisha hata akikupa wiki nzima.

Na kilichoharibika ni nini? Faili moja lisilofika hata nusu megabaiti. Hesabu zote zipo, picha zipo, programu ipo, Windows yenyewe ipo palepale ilipokuwa jana. Kilichokosekana ni butiloda, yaani kile kiprogramu kidogo kinachotangulia mbele ya mfumo endeshi na kuuamsha. Kukirudisha ni kazi ya robo saa kwa anayejua. Nataka uwe wewe unayejua, na nakwambia mapema: hakuna chochote humu kinachokuzidi kimo.

Tuanze na kile unachokiogopa. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, kompyuta haijui kitu kuhusu Windows, Linux wala DOS. BIOS inajikagua, kisha inakwenda kwenye diski ya kwanza katika orodha yake na kusoma sekta moja tu, ya mwanzo kabisa. Baiti 512. Inaziweka kwenye kumbukumbu mahali palepale pa siku zote, anwani 7C00, inatazama kama baiti mbili za mwisho ni 55 na AA, na zikiwa ndizo, inazikabidhi kazi. Basi. Ni mtoto aliyetumwa kugonga mlango wa kwanza: hamjui mwenye nyumba, hajui ujumbe unahusu nini, yeye ni kugonga na kuondoka.

Katika baiti hizo 512, amri za kompyuta zimepewa 446. Baiti 64 ni jedwali la patisheni nne, kila moja baiti 16. Mbili zilizobaki ni ile alama. Jumlisha mwenyewe uone kama hazifiki 512. Sasa tazama aya hii unayoisoma: ina herufi nyingi kuliko nafasi aliyoachiwa mwandishi wa hatua ya kwanza ya kuwasha kompyuta. Nafasi hiyo ndiyo mafundi wazima, waliofungua na kufunga mamia ya mashine, wanayoiita "mambo ya ndani" na kuiogopa. Kama unaweza kusoma ujumbe mrefu wa simu ukauelewa, unaweza kuielewa sekta ya kwanza ya diski.

Utaratibu huu haukushuka kutoka mbinguni. Ulikuja na IBM PC iliyotangazwa Agosti 1981, kazi ya kikundi kidogo cha wahandisi huko Boca Raton, Florida, waliopewa mwaka mmoja hivi kuimaliza. Mmoja wao, David Bradley, ndiye aliyebuni ule mchanganyiko wa Ctrl, Alt na Del unaoubonyeza kwa hasira. Jedwali la patisheni liliongezwa mwaka 1983, pale PC DOS 2.0 ilipoanza kutumia diski kuu. Watu walikaa mezani, wakabanwa na muda, wakaamua namba. Mengi unayoyaona ya ajabu katika uwashaji wa kompyuta ni maamuzi ya watu waliokuwa na haraka, na uamuzi wa mtu mwingine unaweza kuusoma, ukaufuata hatua kwa hatua mpaka ukaukuta ulipokwama.

Hebu tuufuate katika XP. Sekta ya kwanza inasoma jedwali, inatafuta patisheni iliyotiwa alama kuwa ndiyo hai, na kuisoma sekta ya kwanza ya patisheni hiyo. Sekta hiyo kazi yake ni kulitafuta faili linaloitwa ntldr. Ntldr linafungua boot.ini ili lijue Windows iko wapi, linamwita ntdetect.com ahesabu vifaa vilivyomo, halafu linapakia kiini cha Windows pamoja na hal.dll. Hatua tano au sita, kila moja ikiijua ile inayofuata tu. Ndiyo maana kila kosa lina ujumbe wake, na ujumbe huo unakutajia mahali. Wengi wetu tumezoea kuusoma kama tusi. Usome kama anwani.

"NTLDR is missing" maana yake ni kwamba BIOS imefanya kazi yake, sekta ya diski imefanya kazi yake, sekta ya patisheni imefika, imetafuta faili na haikuliona. Umeshapunguziwa nusu ya kazi kabla hujafungua begi! Na kabla hujafungua hilo begi, chungulia nyuma ya kompyuta. Kuna flashi imechomekwa? Flashi iliyoformatiwa kwenye XP ina sekta yake ya kuwashia inayotafuta ntldr, na flashi ya nyimbo haina ntldr. Kama BIOS imepangwa kuanza na USB, itakuonyesha maneno yaleyale matatu huku diski kuu ikiwa nzima kabisa. Chomoa, washa tena. Kuna kompyuta zimefutwa kila kitu kwa sababu ya flashi ya nyimbo za kaswida.

Ujumbe ninaoupenda zaidi ni ule unaodai kwamba hal.dll limekosekana au limeharibika. Unadanganya, au tuseme unasema ukweli usiokusaidia. Mara nyingi hal.dll lipo palepale kwenye system32, zima. Aliyekosea ni boot.ini, ambayo inaielekeza ntldr kwenye patisheni isiyo yake. Mtu aliongeza patisheni ya Linux, au alifuta ile ndogo ya mtengenezaji iliyokuwa mwanzoni mwa diski, hesabu ikahama, lakini boot.ini haikuambiwa. Ntldr inakwenda kwenye patisheni iliyotajwa, inatafuta folda ya WINDOWS, haikuti kitu, inalalamikia faili la kwanza ililolikosa. Fundi asiyejua hili anatafuta hal.dll mtaa mzima. Anayejua anabadilisha tarakimu moja, kutoka partition(1) kuwa partition(2), na kuomba chai wakati mashine inawaka.

Hapo kwenye kuhesabu nikae kidogo, maana ndipo watu wengi wanapokata tamaa na kujiona hawafai. Katika boot.ini, rdisk, yaani diski, inahesabiwa kuanzia 0 lakini partition inahesabiwa kuanzia 1. Katika GRUB, butiloda ya Linux, ile ya zamani iliyoishia toleo la 0.97, diski zinaanzia 0 na patisheni pia zinaanzia 0. Katika GRUB 2 diski zinaanzia 0, patisheni zinaanzia 1. Kwa hiyo patisheni ileile moja inaitwa (hd0,0) kwenye maelekezo ya zamani na (hd0,1) kwenye mapya. Nani aliona hili ni jambo jema, hata sitaki kumjua. Ukifuata maelekezo yakakataa, usijishuku wewe kwanza. Shuku umri wa maelekezo.

Sasa mikono kazini. Una CD ya XP? Iwashe kompyuta kwa CD hiyo, bonyeza R uingie kwenye chumba cha matengenezo, chagua Windows yako, weka nywila ya msimamizi. Amri ya fixboot inaandika upya sekta ya patisheni. Fixmbr inaandika upya zile amri za sekta ya kwanza, na itakutisha kidogo kabla ya kukubali. Soma onyo lake, usilipite, maana kama diski ina Linux, hapo ndipo GRUB inapofutika. Faili lililopotea unalinakili kutoka kwenye folda ya i386 iliyomo ndani ya CD: copy d:\i386\ntldr c:\ na vivyo hivyo kwa ntdetect.com, ukibadilisha herufi ya d kulingana na mashine yako. Bootcfg /rebuild inaitafuta Windows na kuiandikia boot.ini mpya. Huna CD? Flashi yenye Linux yoyote ya kuwashia inatosha: unafungua patisheni ya Windows, unaweka mafaili mawili kutoka mashine nyingine yenye XP, unaandika boot.ini kwa mkono. Ni mistari mitano hivi. Mitano!

Kisa kigumu zaidi ni pale unapotaka mfumo wa zamani ukae pamoja na mpya. Desturi ya mafundi ni kuanza na wa zamani, kisha mpya, na sababu yake ni rahisi: XP iliyotoka mwaka 2001 haikufundishwa kumheshimu jirani. Ukiiweka baada ya Linux inaandika sekta ya kwanza kana kwamba iko peke yake duniani. Lakini maisha hayafuati desturi, mteja anakuja na laptopu yenye Linux tayari na anataka XP ndani yake kwa ajili ya ile programu moja. Kubali kazi. Weka XP, acha iifute GRUB, usishtuke. Washa kwa flashi ya Linux, ingia kwenye patisheni ya Linux kwa chroot, piga grub-install kwenye diski nzima, yaani /dev/sda na si /dev/sda1, kisha update-grub. Kama XP haionekani kwenye orodha, mtafutaji wa mifumo mingine, os-prober, amezimwa. Tangu GRUB 2.06 amekuwa akizimwa bila kuambiwa. Fungua /etc/default/grub, andika GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, rudia update-grub.

Akigoma bado, muandikie mwenyewe. Katika faili la 40_custom unatunga ingizo lenye mambo mawili ya msingi: set root=(hd0,msdos1) na chainloader +1. Hiyo alama ya +1 inasema "sekta moja, ya kwanza, ya patisheni hii". Unaiona? GRUB, pamoja na menyu yake ya rangi na moduli zake zote, hapa inafanya kazi ileile ambayo BIOS ilifanya mwaka 1981: inasoma sekta moja na kuikabidhi zamu. Siku utakapoona hilo kwa macho yako, hofu ya butiloda inakwisha. XP ikiwa kwenye diski ya pili, ongeza drivemap ili iamini kwamba iko kwenye ya kwanza, maana haipendi kuwa ya pili. Na diski iliyogawanywa enzi za XP kwa kawaida ina sekta 62 tu zilizo wazi kati ya sekta ya kwanza na patisheni ya kwanza, kama kilobaiti 31. GRUB 2 inapaswa kujibana humo. Ikilalamika kwamba hapatoshi, si mkosi wako, ni hesabu.

Wale wenye Windows 7 pembeni ya XP wao wanatumia bcdedit badala ya GRUB, kwa sababu tangu Vista Microsoft iliachana na ntldr na kuleta bootmgr. Wazo ni lilelile: mkubwa anamtambulisha mdogo, mdogo anaendelea na njia yake ya zamani.

Nikikusukuma hivi, kuna anayenong'ona kwamba vitu hivi ni vya waliosoma vyuo vikubwa Ulaya na Marekani. Tazama basi nani waliovijenga. Erich Boleyn mwaka 1995 alitaka tu kuiwasha GNU Hurd. Alianza kwa kuikarabati butiloda ya FreeBSD, akaona marekebisho yamekuwa mengi mno, akaandika yake, na hiyo ndiyo iliyokuwa GRUB. Jim Hall alikuwa mwanafunzi wa fizikia Wisconsin mwaka 1994 alipoona Microsoft inaiaga DOS anayoitegemea, akatangaza mradi wa kuandika nyingine ya bure. FreeDOS ipo mpaka leo na inawaka. Hawakusubiri cheti cha mtu. Na mwaka 1986, katika duka dogo la kompyuta huko Lahore, Pakistani, ndugu wawili waliijua sekta ya kuwashia kiasi cha kuihamisha ya asili na kuweka yao mahali pake kwenye diski laini. Hiyo ndiyo Brain, virusi vya kwanza vya IBM PC kuenea duniani. Siwasifii kwa matokeo. Nasema duka lao halikuwa California, na baiti walizocheza nazo ni zilezile 512 zilizomo kwenye kompyuta iliyo mbele yako.

Kulikuwa pia na LILO ya Werner Almesberger, ambayo katika miaka ya 1990 ndiyo iliyowasha Linux nyingi. Ilikuwa na tabia ninayoithamini kuliko urembo wote wa menyu za leo: iliandika jina lake herufi kwa herufi kadiri ilivyosonga. Ikikwama kwenye L, hatua ya kwanza imeanza lakini imeshindwa kuipakia ya pili. Ikikwama kwenye LI, ya pili imepakiwa lakini haikukimbia. LILO nzima, safari imekamilika. Ukikutana na mashine ya zamani ya chuo yenye LI kwenye kioo, huyo ni mtu anakwambia shida iko wapi kwa herufi mbili.

Ujasiri bila kujua mipaka utakuabisha mbele ya mteja, kwa hiyo hii hapa mipaka. XP ya kawaida haiwaki kutoka diski ya GPT. Inataka jedwali la zamani na BIOS ya zamani, au UEFI yenye uwezo wa kuigiza BIOS. Bodi mpya zilizoondoa uwezo huo usipoteze nazo usiku, weka XP ndani ya VirtualBox na umalize. Ukipata kioo cha bluu chenye 0x0000007B, butiloda haina hatia: XP haina draiva ya AHCI, kwa hiyo geuza mpangilio wa SATA kwenda IDE kwenye BIOS, kama chaguo lipo. Jedwali la zamani halivuki tebibaiti 2. Na kwa kuwa Microsoft iliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014, mashine hiyo ikishawaka chomoa waya wa intaneti. Ifanye kazi yake moja, isivinjari.

Kinachobaki ni wewe kukaa chini. Usijifunzie kwenye kompyuta ya mteja. Tengeneza mashine ya kubuni ndani ya VirtualBox, au omba ile kompyuta inayokaliwa na vumbi stoo. Kama huna CD halali ya XP, pakua FreeDOS, haidai shilingi. Kabla ya kugusa chochote, washa kwa Linux na utoe nakala ya sekta ya kwanza: dd if=/dev/sda of=mbr.bin bs=512 count=1, na uihifadhi nje ya diski hiyo. Kisha uharibu kwa makusudi. Ndiyo, kwa makusudi! Andika sufuri kwenye baiti 446 za mwanzo, uiwashe, uone inavyokaa kimya. Irudishe kwa bs=446, si 512, ili usilifunike jedwali la patisheni kwa toleo la zamani kama umeligawa upya. Futa ntldr. Kosea namba kwenye boot.ini uone hal.dll ikisingiziwa. Kwenye FreeDOS futa KERNEL.SYS, kisha uirudishe kwa sys c: ukitokea kwenye CD yake. Kila kosa unalolizalisha wewe mwenyewe hutalitetemekea likija na mteja. Kuuliza si ujinga, lakini kabla ya kumpigia simu fundi mwenzako, soma kilichoandikwa kwenye kioo kwa sauti, neno kwa neno.

Na ukishaiweza kazi hii, itoze. Kupiga window mpya kunafanywa na kila mwenye flashi, ndiyo maana bei yake inashuka kila mwaka. Kuirudisha kompyuta ya maabara ikiwa na kila kitu chake ni kazi nyingine, na mwenye maabara anajua tofauti. Mweleze ulichofanya kwa lugha anayoielewa. Halafu chapa boot.ini na jedwali la patisheni kwenye karatasi moja, andika tarehe, uigundishe ndani ya kava la kompyuta kwa ajili ya fundi atakayeifungua baada yako.